Sentensi Isiyo na Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni

Nimerudishwa. Si mimi hasa, ni tasnifu. Lakini leo sioni tofauti.

Dada wa ofisi ya masomo ya uzamili nimeshampa jina: Bi Rula. Ana rula ya chuma, ya sentimita thelathini, haimtoki mkononi. Hakusoma hata neno moja. Miaka saba ya maisha yangu, kurasa mia moja arobaini na mbili, na yeye akaweka rula ukingoni. Kushoto inatakiwa nafasi ya sentimita nne. Mimi nina tatu nukta nane.

"Milimita mbili tu, dada yangu," nikamwambia.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema mimi ni mwalimu wa hesabu.

"Mwanafunzi akikaribia jibu, unampa alama?"

Huwa siwapi.

Kanipa orodha ya makosa, pande zote mbili za karatasi. Kurasa za mwanzo zipewe namba za Kirumi. Vichwa vya majedwali vikae juu, vya michoro vikae chini. Na marejeleo — hapo akafyonya — kila aliyetajwa ndani aonekane kwenye orodha ya nyuma, na kila wa nyuma awe ametajwa ndani. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, saa sita mchana. Nimeshaongezewa muda mara mbili. Barua ya mara ya pili neno "mwisho" limepigiwa mstari. Nikikosa, usajili unakufa na naanza upya na vijana wa umri wa binti zangu. Miaka hamsini na mitatu! Joho nitalivaa na mkongojo.

Jumanne, 4 Juni

Nimesogeza zile milimita mbili. Loo! Milimita zimesukuma mstari, mstari umesukuma aya, aya imesukuma jedwali, na Jedwali la 7 limekatika: kichwa ukurasa huu, kiwiliwili ukurasa wa pili. Yaliyomo yote yamekuwa uongo. Nami niliyapanga kwa jasho langu — kutoka jina la sura hadi namba ya ukurasa nilibonyeza nukta, nukta, nukta, mpaka kidole kikafa ganzi.

Nikampigia binti wa kati. Yeye anafanya kazi ofisi ya bima, kutwa yuko mbele ya kompyuta.

"Baba, nukta zote hizo umezibonyeza moja moja?"

Nikasema ndiyo. Nikasikia ameziba simu kwa kiganja, halafu kicheko cha ofisi nzima. Watu wazima, saa za kazi!

Baadaye akanielekeza. Unachagua hapa, unabonyeza pale, kompyuta inapanga yenyewe. Sekunde nne. Kumbe miaka yote nimechota maji kwa kijiko na bomba liko mlangoni.

Mama watoto akapita, tepu yake ya kupimia shingoni, akachungulia skrini. Akasema kama tatizo ni upana wa pindo tu, si ningempa yeye? Angemaliza kabla ya chai. Cherehani yake iko sebuleni, meza yangu iko sebuleni, kwa hiyo aibu zangu zote zina shahidi.

Alhamisi, 6 Juni

Marejeleo. Siku ya pili leo.

Nakiri nilikuwa najivunia mfumo wangu. Maboksi matatu ya viatu, yamejaa kadi. Nyeupe kwa vitabu, njano kwa makala za majarida. Kila kadi ina maneno niliyonukuu, jina, mwaka, ukurasa. Isipokuwa zile ambazo hazina. Na ziko nyingi, Mungu anisamehe.

Halafu hii kanuni: jina la kitabu liandikwe kwa herufi za mlazo. Jina la makala lisilazwe. Linalolazwa ni la jarida! Nani aliamua huyu alale na yule asimame? Nukta baada ya mwaka, mkato baada ya jina. Nimemkuta mtaalamu mmoja nimemwandika kwa tahajia tatu. Maskini, ndani ya kazi yangu ni ukoo mzima. Mwingine nimempa mwaka 1899. Nilitaka 1989.

Jioni nikahesabu. Ndani nimetaja watu mia moja na kumi na wanane. Nyuma wako mia moja na kumi na saba.

Nikahesabu tena. Na tena.

Mmoja hayupo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimempata anayekosekana. Ningeomba nisimpate.

Ukurasa wa 86, mwanzo kabisa wa Sura ya Tano: "Mzazi haukimbii mkutano, anakimbia kumsikia mwanawe akisomwa kwa sauti mbele za watu." Na kwenye mabano: (Mwandishi, 2017).

Mwandishi gani? Sasa nimekumbuka. Kadi ilikuwa na mwaka, haina jina. Nikaandika "Mwandishi" ili nisipoteze kasi, nikajiahidi nitarudi. Ole wangu! Sikurudi. Na profesa wangu amepita hapo mara nne, mara ya mwisho akaandika pembeni kwa kalamu ya kijani: "Safi sana. Huyu mtumie zaidi." Nami nikamtumia zaidi! Ametajwa mara kumi na moja.

Ingekuwa sentensi ya pambo ningeichomoa. Lakini tasnifu yangu inauliza kwa nini wazazi hawaji kwenye mikutano ya shule, na jibu ndilo hili. Swali la tisa la hojaji nililitoa humo. Wazazi mia mbili na kumi na wawili wakalijibu, na mia moja sitini na mmoja wakasema ndiyo, ndivyo ilivyo. Ukiiondoa sentensi, Sura ya Tano inabaki majedwali yanayotazamana.

Kadi yenyewe ninayo. Ya njano, kwa hiyo ni makala. Upande mmoja umeliwa mviringo, nadhani panya. Kutwa nimeshinda maktaba nikifukua majarida ya 2017, 2016, 2015. Mkutubi akaja kuniuliza kama nimepotelewa na mtu. Nikamwambia ndiyo, na jina lake silijui.

Jumapili, 9 Juni

Sijampata.

Nimefanya jambo leo, na kwa vile daftari hili halisomwi na mtu, nitaliandika. Nimemtunga. Nikamzalisha mtaalamu mzima: jina la ukoo, herufi mbili za mwanzo, makala yenye kichwa kirefu, jarida (kwa mlazo!), juzuu la 12, kurasa 33 hadi 47. Kila nukta mahali pake. Kati ya marejeleo yangu yote, hili ndilo halina kosa hata moja.

Bi Rula angelipenda. Yeye anapima, hasomi.

Nimewatoa wanafunzi wangapi kwenye chumba cha mtihani kwa kikaratasi cha ukubwa wa kidole? Mmoja alinililia hadi getini. Nikamwambia uongo ni uongo, hata ukiwa mdogo.

Sijalifuta. Nimelitazama, nimefunga kompyuta.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, baada ya chai. Mama watoto yuko kwenye cherehani, ana sare za shule za watu za kupindisha. Mimi niko mezani na ile kadi, nikaisoma kwa sauti, kwa hasira, kama mtu anayemwita mbuzi aliyekata kamba: "Mzazi haukimbii mkutano, anakimbia kumsikia mwanawe..."

Cherehani ikanyamaza.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Hayo maneno yangu."

Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka. Nikamwambia mama, hii ni kadi ya njano, hii ni makala. Hakucheka. Akanyoosha mkono, nikampa. Akaigeuza. Nyuma kuna mstari wa penseli na namba, nilikuwa naviona siku zote nikidhani ni hesabu zangu. Akaenda kwenye kapu lake, akatoa mkono wa gauni aliokuwa hajaushona, akaulaza juu ya kadi. Ule mviringo wa panya ukakaa sawasawa na kwapa la gauni.

"Karatasi yangu ya manila," akasema. "Ya kukatia vipimo. Ulikuwa unachukua vipande kwenye kapu."

Kweli. Kadi za njano ziliniishia, naye alikuwa na manila ya njano. Nikachukua.

Halafu akanisimulia, mguu ukiwa bado juu ya kikanyagio. Mwaka ule alitoka kwenye mkutano wa wazazi wa shule ya binti wa kati. Mkuu wa shule alisimama akasoma matokeo, jina na alama, mtoto mmoja mmoja, wazazi wote wamekaa. Akafika kwa wetu. Hesabu: kumi na tisa kwa mia. Akaongeza, kwa utani, kwamba huyu ni binti wa mwalimu wa hesabu. Ukumbi ukacheka. Mama watoto naye alicheka. Alisema angefanya nini? Alikuja nyumbani, akanikuta kwenye kiti hikihiki, akaniambia maneno hayo.

"Ukayaandika," akasema. "Nikaona unaandika, nikafurahi. Nilidhani unaandika ili uende ukaongee na mwalimu wao."

Hayo ya kumi na tisa nilikuwa nayajua. Ya ukumbi kucheka sikuyajua. Au niliambiwa nikaandika sentensi moja tu, ile niliyoona inafaa.

Mimi mwenyewe siku ile sikuwepo. Jumamosi ya mikutano ni moja kwa shule zote. Nilikuwa shuleni kwangu nikiwasomea wazazi wa wengine. Jina na alama.

Nimemfuta yule mtaalamu wa juzuu la 12.

Jumanne, 11 Juni

Kwa profesa. Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akavua miwani. Aliporudi kuivaa hakuwa anacheka.

Akafungua mwongozo wa tasnifu, ukurasa wa 31. Mtu aliyekwambia jambo kwa mdomo anaruhusiwa kutajwa, inaitwa mawasiliano binafsi. Jina lake kamili liandikwe ndani, na kuwe na fomu ya idhini yenye sahihi yake, ibanwe kwenye viambatisho. Rahisi, nikasema.

Je, akikataa? nikauliza.

Basi sentensi itoke, na kila kilichojengwa juu yake kitoke. Akahesabu kwa vidole siku zilizobaki. Akafunga mwongozo.

"Anajua ulivyoyatumia?" akauliza.

"Yeye ndiye aliyeniambia, profesa."

"Aa. Basi una kazi."

Jumatano, 12 Juni

Nilimpelekea fomu na kalamu juu yake, kama karani wa ndoa. Akafuta mikono kwa khanga. Akasoma mbele, akasoma nyuma. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kuusoma kwa sauti: Nimeelezwa na nimeelewa namna maneno yangu yatakavyotumika.

"Sijaelezwa. Sijaelewa. Nisaini uongo?"

Nikaanza kumweleza. Nikatumia neno "dhana." Nikatumia "mkabala." Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayesema hajanenepa.

"Usinieleze. Niletee nisome."

Sura ya Tano?

"Yote."

Nikasema mama, ni kurasa mia na arobaini na mbili, na mwisho ni keshokutwa saa sita. Akasema yeye alisema maneno yake mwaka 2017, aliyechelewa si yeye. Nikasema basi asome muhtasari, uko mbele, ukurasa mmoja. Akaniuliza kama huwa nanunua suruali kwa kuonyeshwa mfuko.

Anasoma kama anavyoshona, haruki hata tundu moja. Tangu saa nane mchana hadi sasa yuko ukurasa wa 23. Sare za watu zimekaa kwenye kapu.

Binti wa kati kapiga simu, mama yake kashamwambia. Nikajiandaa kuomba msamaha, nikawa nimeshakohoa kabisa. Akanitangulia:

"Baba, kwa hiyo mimi ni jedwali la ngapi?"

Nikamwambia yeye si jedwali, yeye ni sura. Akacheka kidogo. Halafu akasema, kwa sauti nyingine, kwamba yeye hesabu aliziacha siku ile. Si kwa sababu ya alama. Jumatatu yake watoto wa waliokuwa ukumbini walikuja shuleni na kicheko kilekile. Kama mama anataka kusaini, asaini, hana neno. Lakini kwanza mimi nimsikilize mama.

Nikasema sawa. Simu ilipokatika bado nilikuwa nasema sawa.

Alhamisi, 13 Juni

Upande wangu kazi imekwisha. Namba za Kirumi zimekaa. Vichwa vya majedwali juu, vya michoro chini. Marejeleo mia moja na kumi na saba, na mawasiliano binafsi moja yanayosubiri jina. Sijawahi kuwa na kazi safi hivi na moyo mchafu hivi.

Yeye anaweka pini. Kila panapomkwaza, anachomeka pini moja kwenye ile nafasi ya kushoto. Napita na kikombe cha chai, naziona zinang'aa. Nimepita na vikombe vitano. Cha tano akaniambia nikae chini, natembea kama kuku anayetaka kutaga.

Saa kumi akaniita. Ukurasa wa 58.

"Soma hapa."

Nikasoma. "Wazazi wengi, hasa akina mama wenye elimu ndogo, hawana mwamko wa kuhudhuria mikutano ya shule."

"Mwamko ni nini?"

Nikamweleza mwamko.

"Mimi elimu yangu ndogo?"

Anajua kwamba najua alipoishia. Aliacha shule ili mdogo wake aendelee. Nikasema mama, hapo sikukusudia wewe, ni lugha ya kitaaluma, na nimewarejelea watafiti watatu.

"Watoto watatu," akasema. "Miaka kumi na tisa. Mikutano miwili kila mwaka. Mwaka ule wa kumi na tisa kwa mia, muhula uliofuata nilikwenda tena. Nikakaa mstari wa mbele. Wewe ulikwenda mara ngapi?"

Hesabu ndiyo kazi yangu. Nikahesabu. Ni hesabu fupi.

"Mara ngapi, mwalimu?"

Nikasema nilikuwa kazini.

Akachomeka pini mbili, akafungua ukurasa wa 59.

Ijumaa, 14 Juni

Saa mbili na robo asubuhi. Nimevaa koti tangu saa kumi na mbili, utadhani naposa. Fundi wa majalada ameshafungua duka. Kasema nikimfikishia kabla ya saa nne, saa tano na nusu nakala zote tatu ziko tayari. Kutoka kwake hadi kwa Bi Rula ni mwendo wa dakika ishirini, nikikimbia. Sijakimbia tangu harusi yangu.

Amemaliza kusoma. Amekaa kwenye cherehani, tasnifu mapajani, pini thelathini na moja. Fomu iko juu ya meza ya cherehani, kalamu juu yake. Haijasainiwa.

Hukumu yake ni hii. Sentensi ibaki. Ni nzuri, hata yeye kaipenda zaidi alipoiona imechapwa. Jina lake liandikwe kamili, yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, na si "mke wa mtafiti" kama nilivyopendekeza kwa unyenyekevu wangu. Pini ishirini na tisa amenisamehe. Baadhi ya hizo alitaka tu kujua maana ya neno. Sura ya Tano kasema imeandikwa na mtu anayewajua wazazi.

Nikataka kumshukuru. Akainua mkono.

"Mbili za ukurasa wa hamsini na nane bado. Siweki jina langu kwenye kitabu kinachosema mimi sina mwamko."

Nikamwambia tutafuta, sasa hivi. Nikafuta. Dakika moja haikupita. Nikamgeukia na uso wa mtu aliyeshinda.

"Umeacha shimo," akasema. "Kwa nini wazazi hawaji, sasa umesema. Na wasiokuja kwa sababu wako mahali pengine wanawasomea watoto wa wenzao? Wamo kwenye hojaji yako?"

Hawamo. Watu mia mbili na kumi na wawili, na hakuna aliyeulizwa hilo. Sikufikiria kuuliza.

"Basi andika. Andika kwamba mtafiti ana watoto watatu na hajawahi kuhudhuria."

Nikamwambia mwongozo, ukurasa wa 9, unakataza mtafiti kujizungumzia. Akauliza ni mwongozo upi, ule wa rula? Nikasema aya mpya itasogeza kurasa zote. Akasema zisogee. Nikasema watahini wataisoma, profesa ataisoma, itakaa maktaba, wanafunzi wangu watakuja kuisoma miaka na miaka, kwa sauti, wacheke.

Akanitazama. Nilisikia mwenyewe nilichosema.

Saa tatu kasorobo. Naandika hapa ili nisiandike kule. Amesimama nyuma ya kiti changu, kalamu ya fomu iko mkononi mwake. Haniharakishi. Kule kwenye skrini nimeshaandika neno moja, "Mtafiti", na herufi yake ya kwanza nimeirekebisha mara tatu ingawa haikuwa na kosa.